Swichi ya Chumba cha Mzee

Jumamosi, 7 Juni 2025 – Ipogolo, kwa mama

Nimemleta Juliana kwa bibi yake. Shule zimefungwa, na mwalimu naye ana haki ya kulala mpaka jua litoke. Nilipanga nikae wiki mbili. Kula, kulala, kusengenya na mama jikoni basi.

Haikufika hata jioni. Sedekia kapiga simu. Baba yake amepata nafasi ya kupasuliwa mtoto wa jicho, Jumatano, pale Mbeya mjini. Atauguzwa kwetu Uyole mpaka jicho lipone. Kasema hivyo mbiombio, halafu akaanza kuniuliza Juliana amekula nini. Namjua mume wangu. Akiona moto anauliza habari za chakula.

Kwetu! Nyumba ya vyumba viwili na sebule!

Niliandike hapa, kwa sababu kwa mtu siwezi kulisema likaeleweka. Nimeolewa miaka minane, na baba mkwe wangu hajawahi kuniona uso. Harusini alikaa benchi la nyuma kabisa kanisani, ametazama chini, na ibada ilipoisha alitoka wa kwanza. Wanyakyusa wa zamani ndivyo walivyo. Mkamwana na baba mkwe hawaonani, hawakai chumba kimoja, hawagusani. Ni heshima, si ugomvi. Siku hizi wengi wameacha – Blandina, jirani yetu, ni Mnyakyusa vilevile na anakula meza moja na mkwe wake. Mzee Sifaeli hajaacha. Tukienda kwake Rungwe anakohoa toka mbali, na mimi napita nyuma ya migomba. Akija Uyole nahamia kwa Blandina mpaka aondoke.

Na kusema kweli nilishaizoea. Niliipenda hata. Wenzangu wanafua mashuka ya wakwe zao, wanasimangwa chumvi. Mimi huru!

Mama kacheka mpaka kashika mbavu. Sisi Wahehe hatuna hayo, kasema. Yeye baba mkwe wake alimwogesha mpaka siku anakata roho. Halafu kaacha kucheka. Kaniambia nirudi, mgonjwa hasubirishwi.

Jumatatu, 9 Juni – Uyole

Baridi ya Uyole inaniudhi kama mtu. Juliana nimemwacha kwa bibi yake. Nimefika, nimekuta Sedekia ametandika kitanda cha Juliana na kujipongeza. Kwake kazi imeisha.

Nimesimama mlangoni nikakitazama kile chumba. Kilikuwa stoo. Dirisha linatazama ukuta wa jirani, ukinyoosha mkono unaugusa. Saa sita mchana bila taa huoni kiatu chako. Na taa yenyewe! Ile nyeupe kali anayoipenda Sedekia, anasema nyumba inaonekana. Inaonekana kama duka la simu. Na swichi iko nje, koridoni – fundi aliyejenga alikuwa na akili zake. Kwa hiyo aliye ndani hana amri na taa yake. Juliana anapiga kelele kila siku, mama nizimie, mama niwashie.

Sasa mzee mgonjwa wa jicho atampigia nani kelele? Mimi? Atanipigiaje mimi, na mimi kwake sipo?

Daktari amemwambia Sedekia mambo mawili. Mwanga mkali utamuumiza siku za mwanzo. Na giza nalo ni hatari, asije akajikwaa akaanguka, kwa sababu hilo jicho ndilo alilobaki nalo. La kushoto lilikufa zamani, kijiti cha mti wa kahawa kilimchoma akiwa kijana. La kulia likiharibika ndiyo basi.

Nimepata wazo. Awe na swichi yake mwenyewe, kitandani. Tena ile ya kuzungusha, unaongeza mwanga na kupunguza unavyotaka. Niliiona hotelini Iringa kwenye semina ya walimu. Sedekia kaniona kama nimechanganyikiwa, kisha kasema haya, mwite Anord.

Jumatano, 11 Juni

Anord fundi umeme amekuja asubuhi. Ameng'oa swichi ya koridoni, kaweka kifuniko kitupu. Waya kaushusha mpaka ubavuni mwa kitanda. Pale kuna kitufe cha mviringo. Ukikizungusha taratibu chumba kinaanza kupata rangi, ukikizungusha mpaka mwisho kinajaa. Ile taa nyeupe nimeitupa, nimenunua ya njano. Nimejilaza kitandani kwa Juliana nikawa nachezea kama mtoto. Juu, chini, juu. Raha iliyoje mtu kuwa na mwanga wa kiasi chake!

Anord kauliza kama aache na swichi ya nje, kwa dharura. Nikamwambia hapana. Mwenye chumba ndiye mwenye taa.

Simu imeingia mchana: upasuaji umekwenda vizuri.

Alhamisi, 12 Juni

Wamefika. Nilikuwa jikoni, mlango nimeurudishia. Nikasikia kikohozi getini – kikohozi chake, kimoja, kikavu. Nikabana pumzi kama mwizi ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Tumepanga hivi. Akitaka kwenda chooni anakohoa, mimi natulia jikoni. Chakula kinawekwa kwenye stuli mlangoni kwake. Sedekia ndiye anayemtia dawa ya matone, amefundishwa na muuguzi. Anaosha mikono kwa sabuni, anavuta kope ya chini, tone moja, chupa isiguse jicho wala kope. Mara nne kwa siku, asikose hata mara moja. Jicho likiwa jekundu, likiuma, likianza kuona vibaya, arudishwe siku hiyohiyo. La sivyo kliniki ni Jumatatu ya tarehe 23.

Jioni Sedekia kaniletea habari nyingine, na uso wa kuuliza nimepika nini. Bosi wake amempa mzigo wa kwenda Lubumbashi. Anaondoka Jumamosi. Nikamuuliza nani atamtia baba yake dawa. Kasema Blandina amekubali, na Jumatatu dada yake Tumpe atakuja kutoka Chunya. Kashapanga na watu wote isipokuwa mimi. Sijaongea naye mpaka sasa.

Jumamosi, 14 Juni

Lori limeondoka. Blandina anakuja na kanga yake begani, anaingia kwa Mzee, wanacheka Kinyakyusa, anatoka. Kazi nyepesi.

Mzee amekipenda kitufe! Nakaa sebuleni nasahihisha madaftari yaliyobaki, na naona ule mstari wa mwanga chini ya mlango wake. Asubuhi unakuwa mwembamba. Mchana akila anauongeza. Halafu anaimba nyimbo za kanisani kwa sauti ya chini na kuupunguza tena. Nimeanza kumjua kwa ule mstari kuliko miaka minane yote.

Baada ya chakula nikasikia anaongea. Nikadhani ana mgeni. Kumbe anaongea na ukuta.

"Ukuta, mwambie aliyeweka taa hii, ndaga, ahsante. Sijawahi kukaa chumba kinachonisikiliza."

Ndivyo wazee wanavyofanya. Hawezi kuniambia mimi, anauambia ukuta na mimi nasikia. Nikabaki na kalamu nyekundu mkononi. Nilifurahi, bwana. Nilifurahi sana.

Jumapili, 15 Juni

Mambo yameharibika.

Blandina amepigiwa simu akiwa kanisani. Kaka yake amefariki Kyela. Ameondoka na basi la mchana akilia, nami nililia naye, na katikati ya kulia nikawa nawaza matone. Nimejichukia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nikampigia wifi Tumpe. Hawezi kuja kesho. Ni msimu wa kuuza tumbaku, akiondoka sasa marobota yake yatauzwa na mwingine. Labda Alhamisi. Nikamwambia ni jicho la baba yako. Kasema anajua, na Alhamisi si mbali.

Nikampigia Sedekia. Yuko kwenye foleni ya mpakani Tunduma. Nasikia mainjini nyuma yake.

"Basi mtie wewe," kasema. "Lakini asikuone."

Nikamuuliza, jicho linatiwaje dawa bila kufumbuliwa? Na likifumbuliwa litatazama nini, dari? Kasema nitafute namna, mimi mwalimu. Nikakata simu.

Dozi ya jioni alijaribu mwenyewe. Nilisikiliza mlangoni. Mikono yake inatetemeka, miaka mingi ya jembe na panga. Nikasikia anasonya. Baadaye akauambia ukuta kwamba dawa imeingia kwenye ndevu.

Jumatatu, 16 Juni

Leo nimemgusa.

Nilinawa mikono mpaka ngozi ikauma. Nikabisha hodi. Ule mstari wa mwanga chini ya mlango ukafifia, ukafifia, ukaisha. Alizima mpaka mwisho ndipo akasema, "Ingia." Halafu, kwa ukuta: na ile simu yenye tochi ibaki nje.

Niliiacha juu ya stuli. Niliingia giza tupu, asubuhi kweupe! Dirisha ameziba kwa blanketi. Nikaenda kwa kupapasa – kitanda, goti, bega. Nikafika kwenye paji la uso. Lilishtuka chini ya kiganja changu, na mimi nikashtuka. Tulibaki hivyo, watu wazima wawili, kama tumeshikwa ugoni.

Nikatafuta kope kwa kidole. Nikaminya chupa. Tone likaanguka, nadhani shavuni. Nikaminya tena.

"Imeingia," kasema.

Nikatoka. Mlango ulipofungwa tu, taa ikarudi.

Sijui kama iliingia. Kasema imeingia. Mzee wa kanisa kasema imeingia, mimi nani nimbishie.

Mchana, alasiri na jioni ni vilevile. "Imeingia."

Jumanne, 17 Juni

Nimeomba aache mwanga kidogo. Kidogo tu, nusu ya nusu, kile kitufe si kinaweza? Nilisema nikiwa koridoni, nimegeukia ukuta, maana nami nimeshakuwa Mnyakyusa. Nikangoja.

"Ukuta, mwambie mama Juliana taa ikiwaka nitamwona. Nikimwona, nimemshusha. Mke wa mwanangu si mtu wa kutazamwa na mimi. Kuna watoto wake na wajukuu wake watakaolibeba hilo."

Alisema kwa upole. Ndiyo maana nilishindwa kukasirika vizuri. Nikakumbuka ile siku tulipokuwa Rungwe, mimi naosha vyombo kibarazani na mvua inanyesha, na yeye akasimama nje nyuma ya zizi mpaka nimalize, asije akanikuta. Alilowa mpaka mifupa, mtu wa umri ule. Nani mwingine ameshawahi kulowa kwa ajili yangu? Sedekia?

Nikajaribu ujanja. Nilivaa barakoa ya kipindi cha korona, nikafunga kitenge mpaka kwenye nyusi, nikamweleza ukuta kwamba hapa kilichobaki ni macho tu. Mzee kafikiri. Kawasha, lakini kidogo mno, chumba kikawa rangi ya chai ya rangi. Niliona kivuli cha pua na ndevu. Nilipoinama juu yake, akafumba jicho. Hakuweza. Si kwamba hakutaka, niliiona kope ikipambana. Kazima.

"Macho ndiyo mtu," kasema.

Tukarudi kwenye giza. Nikaminya. "Imeingia."

Nimempigia mama usiku ulipoingia tu. Kasema kwa Kihehe neno nisiloweza kuliandika. Kisha kauliza: umemwuliza yeye mwenyewe, au unauliza ukoo wake kwa simu? Nikamwambia mama, yeye mwenyewe haongei na mimi, anaongea na ukuta. Kasema basi uwe na subira ya ukuta.

Jumatano, 18 Juni

Hajaimba leo.

Ugali ameurudisha, amemega kidogo pembeni. Na ule mstari chini ya mlango – haupo. Toka asubuhi haujawaka. Nilikaa sebuleni naungoja kama mtu anayengoja barua. Mchana nikauliza kwa sauti kama taa imeharibika, nimwite Anord. Ukuta ukaambiwa kwamba taa ni nzima, mwanga tu leo unachoma kidogo.

Unachoma! Nilisimama hapo hapo. Daktari alisema siku za mwanzo. Leo si siku za mwanzo. Unatakiwa upungue kuchoma, si uongezeke.

Nikauliza kama linauma. Kasema kidogo, kama mchanga. Nikauliza kama ni jekundu. Kasema yeye atajuaje, hana kioo. Na mimi nitajuaje, sina mwanga! Nyumba nzima ina taa, barabara nje ina taa za malori usiku kucha, na mahali pekee ninapotakiwa kuona ndipo nisipoona. Na hiyo swichi nimeiweka mimi. Nimemwekea mwenyewe mkononi mwake, nikamwambia fundi aing'oe ya nje. Mwenye chumba ndiye mwenye taa – mdomo huu!

Simu ya Sedekia haipatikani. Ameshavuka.

Tumpe kapatikana. Alhamisi imekuwa Jumamosi. Nikamwambia nitaingia na tochi, nimuone jicho, liwalo na liwe. Kanigeuzia sauti. Kasema nisithubutu. Kuna namna ya kulimaliza jambo hilo, wazee wa ukoo wanakaa, mbuzi anachinjwa, mchungaji anaomba, ndipo baba mkwe na mkamwana wanaonana. Siyo mwanamke anamvizia mzee wa watu na tochi chumbani. "Baba akipatwa na lolote baada ya hapo, wifi, watasema ni wewe," kasema. Na akipatwa na lolote kabla ya hapo?

Dozi ya jioni nilisimama gizani na chupa nikamuuliza kwa mdomo wangu, siyo kwa ukuta, kama kweli huwa inaingia. Nikasikia anavuta pumzi.

"Imeingia," kasema.

Hapo nikajua. Anasema imeingia ili nitoke upesi, nisiendelee kuaibika mbele yake. Na mimi nimekuwa nikikubali imeingia ili nisimbishie mzee. Tumeheshimiana siku tatu nzima. Na dawa iko kwenye mto.

Naogopa. Nimeliandika ili niache kulizunguka. Naogopa sana.

Alhamisi, 19 Juni – benchi la hospitali, mchana

Mwandiko wangu umekuwa kama wa watoto wangu wa darasa la pili. Lazima niandike, la sivyo nitaanza kupiga kelele mbele za watu.

Asubuhi nilibisha hodi. Hapakuwa na mwanga wa kuzima. "Ingia." Nilipogusa paji la uso lilikuwa la moto. Nikashuka mpaka kwenye kope. Imevimba, imejaa. Na kidole changu kikanata.

Nikasema, "Baba, naomba taa."

Kisha akageuka, nilisikia godoro, akaanza, "Ukuta, mwambie –"

"Ukuta hauumwi jicho. Nasema na wewe, baba."

Miaka minane. Nimemwita baba mbele ya watu wengine, kwake mwenyewe sijawahi. Nilidhani atanifukuza. Hakupandisha sauti. Kasema nitoke kwanza.

Nikatoka, nikakaa chini koridoni, mgongo ukutani, na simu yenye tochi nimeishika mikononi. Ningeweza. Kubonyeza tu. Yeye hana nguvu ya kunizuia. Nikampigia mama badala yake, nikamwambia naingia nayo. Nilitaka aniambie ingia. Mama, yule mama ambaye siku zote husema washa taa mwanangu, kasema hapana. Kasema mwite mwenye gari sasa hivi, gari lije, hilo la gari halihitaji ruhusa ya mtu. Lakini tochi usimmulike kwa nguvu. Ameishi na heshima hiyo maisha yake yote, usimnyang'anye kama unamnyang'anya mtoto kisu. Mwombe tena.

Nikampigia Ezron wa teksi. Kasema yuko sokoni, anakuja. Nikanyanyuka kwenda kuomba tena.

Sikuhitaji. Aliniita. Siyo ukuta.

"Mama Juliana. Njoo uwashe."

Nikaingia. Nilifunga kitenge vizuri kichwani, sijui kwa nini, kama mtu anayekwenda kupigwa picha. Nilipapasa mpaka ubavuni mwa kitanda. Nilikizungusha taratibu, nisimchome. Chumba kikaanza kupata rangi. Blanketi dirishani. Biblia. Viatu vyake vimepangwa. Nikaendelea mpaka mwisho, mpaka kitufe kikagoma, na chumba kikajaa.

Kumbe ni mzee wa umbo dogo tu. Kumbe Juliana ana masikio yake.

Jicho sitaliandika lote. Kope kama yai. Ndani nyama nyekundu, na pale kwenye mboni kuna utando mweupe umetuama chini. Lilikuwa wazi. Lilikuwa linanitazama usoni. Nilisimama nikangoja ageuze uso, au aone haya, au mimi nione haya. Nilikuwa tayari kwa yote hayo.

"Washa, mwanangu," kasema. "Nimekubali. Washa tu."

Taa ilikuwa inawaka.

Niliinua mkono nikaupitisha mbele yake. Hakupepesa. Nikachukua simu, nikamulika na tochi, karibu kabisa. Akanyoosha kidole kwa upande, si kwangu, na kusema kuna kitu kama moshi pale.

"Imewaka, baba," nikamwambia. "Imewaka yote."

Alikaa. Aliweka viganja juu ya magoti, vile wazee wanavyokaa kusikiliza hukumu. Nilisikia honi ya Ezron nje.

"Basi bado sijakuona," kasema.

Sijui alisemaje hilo. Nalisikia tena na tena hapa kwenye benchi na sijui. Kama mtu aliyenusurika, au kama mtu anayelia. Nilimvalisha koti, chupa ya matone nikaitia mfukoni mwake. Nilimfunga viatu. Nilimshika mkono nikamtoa nje mchana kweupe, majirani wamesimama getini, wanawake wa Kinyakyusa wanaojua vizuri yule ni nani na mimi ni nani. Mmoja aliziba mdomo kwa kanga. Sikumwachia mkono.

Tuliingia garini. Kauliza Juliana anafanana na nani. Nikamwambia masikio ni yako, baba. Kagusa sikio lake.

Hapa walimpokea haraka. Daktari kijana kalimulika jicho, kaita mwenzake, wakaongea kidaktari, wakamwingiza ndani. Kabla mlango haujafungwa niliuliza kama litaona. Kasema mgonjwa amecheleweshwa, watajaribu kuchoma dawa ndani ya jicho lenyewe, tuwaachie.

Amecheleweshwa. Na nani? Na Sedekia na lori lake? Na Tumpe na tumbaku? Na yeye mwenyewe na mkono wake juu ya kitufe? Nilikuwa na tochi siku nne. Niliiacha juu ya stuli kila mara alipoomba, na kila mara nilijiona mkamwana mzuri. Najiuliza kama nilikuwa namheshimu au nilikuwa naogopa kusemwa. Vyote viwili vinavaa nguo moja.

Ujumbe wa Sedekia umeingia sasa hivi, amepata netiweki. Umeandikwa: Baba anaendeleaje. Halafu mwingine chini yake: Hajakuona lakini?

Nianze na lipi?

Korido hii ina taa nyeupe kali, zile zile. Mzee mmoja karibu yangu ana bandeji, ameziba uso kwa kofia, anauliza kama kuna anayeweza kuzipunguza. Hakuna anayejua swichi iko wapi. Nimemsogezea kitenge changu ajifunike.

Mlango umefunguliwa. Si daktari, ni muuguzi, ana ile chupa ya matone ya Mzee mkononi. Ameitikisa, ameitazama kwenye mwanga. Imebaki karibu nusu; iliyotoka tangu Jumatatu iko kwenye mto. Anauliza ni nani hapa aliyekuwa anamtia dawa –